Neno KULIA ndani ya power saw ya marehemu baba: nilivyoifufua, na nilivyolisoma vibaya

Wakuu, nawasalimu kutoka Kampala.

Kazi yangu ni kutunga. Naandika riwaya, na mtunzi akiwaambia kwamba anasema kweli mna haki ya kumtilia shaka. Basi niseme hivi tu: mashine yenyewe ipo chini ya meza ninapoandika, inanuka petroli, na kucha zangu zina weusi ambao sabuni imeshindwa kuutoa.

Baba alikuwa askari, mtu wa kaskazini. Mama ni Muganda. Walikutania kwenye Kiswahili cha kambini, na humo ndimo nilimolelewa.

Alipostaafu, Baba alinunua power saw ya mtumba, msumeno wa injini, zile kubwa za wapasua mbao. Ndiyo iliyomkatia Mama kuni miaka yote. Mama anapika posho, yaani ugali, na maharage Namuwongo, karibu na reli, na bila kuni hana biashara.

Mwaka aliofariki Baba, mashine ilikuwa tayari imekwama. Ukivuta kamba, haizunguki. Ikawekwa kwenye korido, nasi tukawa tunairuka.

Sasa, mvua za juzi ziliangusha mfenesi wetu nyuma ya nyumba. Mti mzima, mizizi juu. Mama akamwita bwana mmoja wa Kabalagala mwenye mashine. Yule bwana akauzunguka mti mara mbili, mikono nyuma, akasema atakata, ila nusu ya kuni anaondoka nazo.

Nikasema, "Mama, sisi tuna mashine."

"Tuna chuma," akajibu.

"Nipe muda niitengeneze."

"Wewe? Kalamu ikiisha wino unaleta kwangu." Akamtupia jicho yule bwana. "Jumamosi. Isipowaka, huyu bwana achukue nusu yake, na hicho chuma kiende kwa watu wa scrap. Nimechoka kukiruka kila nikifagia."

Ilikuwa Jumatatu.

Hapa niweke kando jambo moja, maana ndilo uzi wenyewe.

Wiki ya matanga niliwahi kuifungua ile mashine, nikitafuta sijui nini. Ndani ya kifuniko cha klachi, pale pasipoonekana kikiwa kimefungwa, Baba alikuwa amechora neno moja kwa msumari, herufi kubwa: KULIA.

Wakuu, nilikaa chini kwenye korido. Mtu ambaye sikuwahi kuona chozi lake, aliyerudi kutoka vitani akakaa kimya miaka yote, kumbe alikuwa ameficha neno hilo ndani ya chuma. Niliandika hadithi. Nikaisoma mbele ya wenzangu wa fasihi, na ukumbi ukanyamaza hadi nikasikia friji ya vinywaji. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia nimempa ruhusa ya kumlilia mumewe.

Kumbukeni hilo. Tunaendelea.

Jumatatu hiyohiyo nilitoa egzosi nikamulika ndani kwa simu. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo mirefu upande mmoja, kama imepigwa kucha na paka. Nikaangalia video hadi macho yakauma. Nikajifunza kwamba mashine kama hii haikwami bure. Mahali fulani inavuta hewa ya wizi, mafuta yanapungua, pistoni inapata joto na kuganda. Na hewa ya wizi mara nyingi hupita kwenye oil seal, ule mpira wa duara unaokaa nyuma ya klachi. Ukibadili pistoni tu ukaacha mpira ule, umenunua pistoni ya kuua.

Kwa hiyo klachi lazima itoke.

Usiku huo nilimwaga dizeli kidogo kwenye silinda, ikalala humo hadi kukacha, na Jumanne asubuhi pistoni ikaanza kusogea. Nikaingiza kamba kwenye tundu la plagi ili izuie pistoni isisogee. Nikaweka spana kwenye klachi. Nikafungua kama kila nati duniani inavyofunguliwa: kwenda kushoto.

Haikutikisika.

Nikachomeka bomba la chuma kwenye spana, nikapanda juu kwa uzito wangu wote. Mama alikuwa anachambua maharage. Akaniambia, "Utaumia, na mti utabaki palepale."

Nikasukuma tena. Kaa! Sikio moja la klachi likapasuka.

Jumatano asubuhi niliitia mashine kwenye gunia la unga, nikapanda boda hadi Katwe. Pale kila mtu anagonga bati. Nilielekezwa kwa fundi mmoja wanayemwita Ssalongo, kwa kuwa ana mapacha. Mtu mnene, ana miwani iliyofungwa kwa waya, na Kiswahili chake kimepitia Luganda: penye l mara nyingine anaweka r, penye r anaweka l, wala hana habari.

Akatazama klachi. Akanitazama mimi.

"Nyabo," akaniita, yaani bibi, "nani amepiga hii?"

"Mimi. Imegoma kufunguka."

"Umefungua upande gani?"

"Kushoto."

Akafunga macho kama mtu aliyesikia msiba. Halafu akageuza kile kifuniko, akakileta karibu na miwani, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Mwandishi."

"Mwandishi!" Akamwita jirani yake anayechomelea mageti. "Njoo uone. Mwandishi, na hapa imeandikwa, na hakusoma!"

Nikasema nimelisoma neno hilo miaka. Nikamweleza, kwa sauti ya chini, kwamba ni Baba aliyeandika, na kwamba alipitia mengi.

Ssalongo akaacha kucheka. Akafuta mkono kwenye ovaroli, akachukua spana, akaiweka kwenye klachi.

"Pole sana, nyabo. Lakini hii si kulia ya machozi. Ni kulia ya mkono." Akasukuma kwenda kulia. Klachi ikalegea kama kifuniko cha chupa. "Ya power saw inafunguka kinyume. Mzee aliandika ili asisahau."

Wakuu, sijui niwaeleze vipi. Nilihisi nimeibiwa. Machozi ya baba yangu, hadithi yangu, ukumbi ulionyamaza, vyote vilikuwa maelekezo ya spana.

Ningeweza kurudi nyumbani. Nilifikiria hivyo, kweli. Lakini Jumamosi ilikuwa palepale, na klachi ilikuwa imeshatoka. Nikamuuliza, "Sasa tunaanza wapi?"

Akanipa kigoda.

Siku tatu nilikaa pale. Tulisafisha silinda hadi ikang'aa, tukaweka pistoni na ringi mpya, oil seal mbili mpya, na klachi tuliyoitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa, aliyokuwa ameiweka ndani ya boksi. Halafu akaiongezea nguvu. Ile baa ndefu ya kupasulia mbao, ule upanga unaobeba cheni, tuliiondoa tukafunga fupi, maana kuni hazihitaji urefu, zinahitaji msukumo. Akatanua mdomo wa egzosi ili ipumue.

Kila bolti aliifungua yeye, nikaifunga mimi. "Hapo umekaza kama unaandika barua ya mapenzi," aliniambia. "Kaza kama unadai."

Ijumaa mchana nilivuta kamba mara nane. Ya tisa ikawaka, na mafundi wote wa upande ule wakageuza shingo.

Ila mlio wake haukunipendeza. Ukiminya mafuta hadi mwisho bila kukata kitu, ulikuwa unakatikakatika, kama mtu mwenye kwikwi. Nikachukua bisibisi nikakaza skrubu ya kabureta kidogo, sauti ikawa kali, safi, nyembamba. Nikafurahi.

Ssalongo alinipokonya bisibisi.

"Unataka kuiua mala ya pili? Umeipa mdomo mkubwa, inataka mafuta mingi. Ikikosa, inapiga kelele nzuri halafu inakufa." Akarudisha skrubu, kwikwi ikarudi. "Iache irie. Ikiingia kwa mti, itanyamaza yenyewe."

Iache irie. Nilirudi nyumbani na maneno hayo.

Jumamosi yule bwana wa Kabalagala alikuwa ameshafika, amekaa juu ya shina la mfenesi kama mwenye mali. Mama amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Nilivuta mara tano. Ikawaka, ikilia kwa kwikwi. Yule bwana akatabasamu, akasema, "Hiyo ni mgonjwa."

Nikaiingiza kwenye mti.

Sauti ikanyooka. Unga wa njano ukaruka hadi kwenye sketi ya Mama, utomvu ukanata kwenye cheni, na kipande cha kwanza kikadondoka mguuni kwa yule bwana. Nilikata kumi na moja kabla sijazima. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameshaondoka.

Mama alikuja akachukua kipande kimoja, akakipima kwa mkono. Nikamweleza habari ya lile neno, jinsi nilivyodhani na jinsi lilivyokuwa.

Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akasema, "Aliandika baada ya kuivunja. Baba yako alifungua kushoto kama wewe, klachi ikapasuka, na tulikuwa hatuna kuni hata za chai."

"Akafanyaje?"

"Akakaa hapo kwenye korido," Mama akasema. "Akalia."

Kuni zinakauka ukutani sasa, zote, hakuna nusu ya mtu. Yule mama wa ukumbini sijamwambia kitu, na sidhani nitamwambia.

Nilichojifunza: kabla ya kutia nguvu, uliza inafunguka upande gani. Na mashine ya kuni usiikaze hadi inyamaze.

Wenye ujuzi, nisaidieni: utomvu wa mfenesi mnautoaje kwenye cheni? Na wengine, semeni kama mmewahi kulisoma vibaya neno lililoachwa na mtu wenu. Nitasoma yote, kushoto na kulia.