Kisu Juu ya Viazi

Mwezi wa sita ukishaingia, mvua zikishaaga na ule upepo mkavu umeanza kukwaruza migomba uani, mkono wa Paskalia ulikuwa unakitafuta kisu wenyewe. Si kisu cha nyama, wala si cha mboga. Alikuwa na kisu chake cha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kuanika, mpini wa mti umelika pale panapokaa kidole gumba, bapa limekonda kwa kunolewa mpaka limekuwa kama jani la muwa. Alikinunua gulioni mwaka aliomzaa Edson, na Edson sasa ana mvi.

Kila mtu na starehe yake. Wengine mpira redioni, wengine ngoma, wengine pombe. Starehe ya Paskalia ilikuwa kuketi juu ya jabali asubuhi, miguu ameinyoosha mbele, kiazi kilichonyauka mkono wa kushoto na kisu mkono wa kulia, anakata vipande vyembamba na kuvitandaza juani, na mwenzake yuko pembeni anakata vya kwake. Huyo mwenzake ndiye aliyekuwa utamu wenyewe. Kazi ya michembe haitaki haraka wala akili nyingi. Mikono inakwenda, mdomo unabaki huru. Mambo mengi ya dunia Paskalia aliyasikia penye michembe: nani kaposwa, nani karudishwa kwao, nani kauza ng'ombe wa baba yake akasema wameibwa.

Kijijini kwao, ambako ni mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka Shinyanga mjini, mtu hakualikwa kwenye michembe. Kualika ilikuwa aibu, sawa na kuomba chumvi. Ulichimba viazi vyako, ukaviacha vinyauke siku mbili, kisha ukavimwaga nje mahali pa kuonekana na kuweka kisu juu ya lundo. Basi. Anayepita akakiona kile kisu alirudi kwake kuchukua cha kwake, akaja akaketi. Hakuuliza, hakuulizwa. Keshokutwa lundo liko kwake, nawe unakwenda.

Eufrasia alikuwa anafika kabla kisu hakijatulia vizuri juu ya viazi. Walianza darasa la kwanza pamoja, wakamaliza la saba pamoja, wakaolewa mwaka mmoja.

"Mayu, unakata kiazi au unakibembeleza?" Eufrasia alikuwa anamtania, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ninakata mchembe. Wewe unakata kuni."

Hapo Eufrasia anachukua kipande cha Paskalia, anakiinua juu, analitazama jua kupitia humo. "Haya, Mama Edson. Kwa mchembe nimekuvulia kilemba." Na ilikuwa kweli. Michembe ya Paskalia ilikuwa inapitisha mwanga. Wanawake wa vijiji viwili walilijua hilo, naye alijua kwamba wanalijua.

Eufrasia alizikwa miaka minne iliyopita. Mwaka uliofuata Edson, ambaye anaendesha malori na kulala barabarani siku nyingi kuliko nyumbani, alimaliza vyumba vyake vitano vya kupangisha kule Geita, kata ya Kalangalala. Akamwambia mama yake, "Mama, huko upo peke yako. Njoo kwangu, utakuwa unanitazamia nyumba." Paskalia akaja na mbegu za viazi, mkeka na kile kisu. Kwamba Kalangalala angekuwa peke yake zaidi, hilo Edson hakulijua, naye Paskalia hakumwambia. Mtoto akijenga nyumba humwambii kwamba mama yake analia humo ndani.

Wapangaji walikuwa watu wa mbali, wachimbaji na wafanyabiashara, leo wapo, kesho kumesikika dhahabu mahali wamehama. Adabu walikuwa nayo. Shikamoo Bibi, marahaba. Shikamoo Bibi, marahaba. Marahaba zilikuwa nyingi kwa siku, ila marahaba haikai chini ikazungumza.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jabali, pana kama vyumba viwili. Paskalia alipoliona mara ya kwanza moyo ulimruka. Alilima matuta pembeni ya uzio, na kiangazi cha kwanza kilipofika alichimba, akanyausha, akamwaga lundo karibu na njia ya watu wote, akaweka kisu juu. Akaingia ndani akajifanya anafagia.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Nelly wa chumba cha kwanza, mwanamke wa Musoma anayepika maandazi.

"Bibi, shikamoo. Fungu bei gani?"

"Marahaba. Haviuzwi."

"Sasa umeviweka njiani vya nini?"

Paskalia alitoka mlangoni na ufagio. Angesema nini? Kwamba anaomba watu? Alisema, "Vinapunga upepo." Mama Nelly akacheka mpaka akashika kiuno, na mpaka jioni wapangaji watatu wengine walikuwa wameuliza bei. Mwaka ule alikata michembe yake peke yake, siku sita, na redio ya Edson ikimsomea habari za watu asiowajua.

Miaka iliyofuata hakuweka lundo nje, na mwaka huu alijiambia hivyo hivyo. Halafu upepo ukaja, mkono ukakitafuta kisu, na asubuhi moja lundo likawa pale pale, kisu juu. Alikuwa bado hajashika ufagio aliposikia mtu anaketi.

Alikuwa Vumilia wa chumba cha nne, mke wa Athanas mchimbaji, waliohamia mwezi wa nne kutoka Handeni. Binti mwembamba, kanga mbili, ameshika kisu cha jikoni chenye mpini wa plastiki.

"Shikamoo, Bibi. Nimekiona kisu kiko peke yake, nikasema nikiletee mwenzake."

Paskalia alitazama pembeni kwanza, maana macho yalikuwa yanataka kumwaibisha. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Sogea basi, usikae juani."

Asubuhi ile ilikuwa asubuhi. Vumilia aliuliza kila kitu: kwa nini viazi vinyaushwe kwanza, michembe inaliwa na nini, Wasukuma wanasemaje habari za asubuhi. "Mwangaluka," alimfundisha, naye Vumilia akalitamka kwa namna iliyomchekesha Paskalia, na kicheko kilipotoka alikishangaa, kama mtu aliyeokota kitu chake chini ya kitanda. Akamsimulia Eufrasia. Akamsimulia ng'ombe aliyesemekana kaibwa. Jua lilipokuwa kali Vumilia aliondoka, akasema, "Kesho, Bibi."

Ila vipande vyake vilikuwa vinene. Vinene kama kidole. Paskalia aliviona toka cha kwanza. Alivitandaza pembeni, upande wa jabali usioonekana kutoka njiani, akijisemea kwamba mtoto atajifunza kwa kutazama.

Kesho yake Vumilia alikuja na kigoda na mdomo uliojaa hadithi za mama mkwe wake. Walikuwa katikati ya hizo hadithi Mama Nelly alipopita na beseni la maandazi kichwani.

"Ee, Bibi leo kapata mtu!" Akainama na beseni lake, akaokota kipande cha Vumilia, akakigonga kwenye jabali, ko, ko. "Bibi, hii ni michembe au matofali? Mbona mlituambia Shinyanga ndiko kwenye mafundi?"

Hapo ndipo Paskalia alipokosea. Angeweza kucheka tu. Lakini aliyeguswa hakuwa Paskalia wa Kalangalala. Aliyeguswa alikuwa yule ambaye michembe yake ilipitisha jua. Alikinyakua kile kipande.

"Huyu ni mtu wa pwani," alisema kwa sauti, kana kwamba Vumilia hakuwepo. "Hakufundishwa. Kwao nadhani mama alimfundisha kula tu."

Mama Nelly aliguna, akaenda zake. Vumilia alimaliza kiazi kilichokuwa mkononi. Alikikata taratibu, vipande vyote, akavipanga.

"Mama alinifundisha makopa, Bibi," akasema. "Mihogo. Kwetu muhogo wa kuanika hukatwa hivi, ukiwa mwembamba unakuwa vumbi." Akafuta kisu kwa upindo wa kanga. "Nimeacha maharage jikoni."

Paskalia alijua hakuna maharage. Moshi haukuwa unatoka kwake.

Siku ya tatu aliweka lundo, kisu juu. Vumilia alipita na ndoo ya maji. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba." Akapita. Siku ya nne vivyo hivyo. Usiulize kwa nini Paskalia hakumwita. Kwa utaratibu aliokulia, kuita ni kuomba. Na mtu wa miaka sabini na mmoja kumwambia binti wa ishirini na kitu "nilikosea", hilo hata kwenye utaratibu halikuwamo. Alichofanya ni kuacha tuta la mwisho bila kulichimba, ili viazi visiishe kabla hasira za mtoto hazijaisha.

Na aliitunza ile michembe minene. Yake mwenyewe ilikauka siku tatu, ikalia kama majani ukiishika. Ile ya Vumilia ilikuwa na unyevu ndani, na umande wa asubuhi za kiangazi haufai, ukiichekea tu inaota ukungu. Basi kila jioni aliizoa yote akaiingiza ndani kwenye ungo, kila asubuhi akaitoa, akaigeuza kipande kimoja kimoja. Goti lilimuuma, akaigeuza. Wakati anaigeuza alikuwa anapanga maneno. Angeichemsha, aitie karanga za kutwanga, aipeleke chumba cha nne kwenye bakuli. Kupeleka chakula si kuomba. Angesema tu, "Onja kazi yako." Mtoto mwenye akili angeelewa yaliyobaki.

Siku ya tisa alivunja kipande, kikavunjika kwa sauti. Siku ya kumi, toka asubuhi, akabandika sufuria. Michembe ile ilichukua kuni za siku mbili. Alidhani itakuwa ngumu nje na unga ndani. Alipoionja alisimama na kijiko mkononi. Ilikuwa tamu. Ilishika utamu katikati, mahali ambapo michembe yake myembamba haikuwa na katikati. Akaonja tena. Miaka yote ile, na hakuwahi kuonja mchembe mnene, kwa sababu mnene ulikuwa wa wasiojua.

Alifunika bakuli kwa sahani, akajifunga kitenge cha kanisani, akavuka ua.

Mlango wa chumba cha nne ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na kitanda wala pazia. Palikuwa na kipande cha boksi sakafuni, na msumari ukutani ambapo kanga zilikuwa zinatundikwa.

"Wamehama, Bibi," alisema Mama Nelly kutoka kwenye karai lake la mafuta. "Jana jioni, ulipokuwa kwenye sala za jumuiya. Athanas kapigiwa simu, kuna rashi imelipuka, machimbo mapya porini huko mbele ya Chato, watu wanaokota dhahabu kama maharage, wanasema. Gari lilikuwa linangoja."

"Na Vumilia?"

"Si mke wake? Kaenda."

"Aliniaga?"

Mama Nelly aligeuza maandazi kwanza. Hakuwa mtu mbaya. "Alisimama mlangoni kwako kidogo. Nikamwambia bibi yupo jumuiya, ngoja. Akasema bora hivyo, asije akamwudhi tena bibi wa watu."

"Namba yake unayo?"

"Ninayo. Nimepiga asubuhi, haipatikani. Huko porini mtandao unausikia kwa jirani." Akalitazama bakuli. "Umebeba nini, Bibi?"

"Matofali," alisema Paskalia.

Akarudi kwake. Alikula kidogo, akiwa amesimama. Kisha akachukua jembe, akalichimba lile tuta la mwisho, lote, akavitandaza viazi vikanyauka siku mbili kama inavyotakiwa. Asubuhi ya tatu alimwaga lundo karibu na njia, akaweka kisu juu. Safari hii hakuingia ndani kufagia. Aliketi pale pale juu ya jabali, miguu ameinyoosha mbele.

Mama Nelly akapita na beseni lake. "Shikamoo, Bibi. Leo bei gani?" Ilikuwa utani, alishazoea kumchokoza.

"Marahaba. Haviuzwi." Paskalia alisafisha koo. Neno lililofuata hakuwahi kulisema katika maisha yake, si kwa Eufrasia, si kwa mtu. "Kachukue kisu, uje tukae."

Mama Nelly alisimama. Utani ukamtoka usoni. "Bibi wangu, maandazi haya watu wanayangoja stendi, yakipoa yamekufa." Akasogeza beseni kichwani. "Kesho labda. Au Jumapili. Jumapili sipiki."

"Jumapili pia ni siku," alisema Paskalia.

Akamsikiliza akishuka mpaka mlio wa kandambili zake ukaisha. Upepo ulikuwa unavuta vumbi kutoka barabarani na kulimwaga juu ya migomba. Mtu alikuwa ameanika soksi upande wa pili wa jabali, jozi moja, nyeusi. Paskalia akachukua kiazi, akakimenya, akaweka kisu mahali pake alipokizoea, kwenye ukingo kabisa, pale panapotoa kipande cha kupitisha jua.

Akakisogeza kisu nyuma, upana wa kidole. Akakata.

Kipande kilianguka juu ya jabali kwa kishindo kidogo. Hicho kingetaka siku tisa, na kugeuzwa, na kuingizwa ndani jioni. Haidhuru. Kiangazi ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza, na jua lilikuwa bado jingi.