Tulifungua group la kumsaidia mdogo wetu anayeumwa akili, watu kumi na nne, yeye mwenyewe hayumo

Habari za mchana wakuu.

Mvua imefukuza wateja wote hapa soko la Kiboriloni, Moshi, nimekaa kibandani na viatu vyangu vya mtumba, nikasema ngoja niandike kitu kilichonikaa muda mrefu. Nimebadilisha jina tu. Mengine yametokea kwetu Rombo, na aibu kubwa humo ndani ni yangu.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Kama unawajua wazaliwa wa kwanza wa Kirombo, unajua tunajiona tumezaliwa na cheo.

Mdogo wangu, nimuite Anjela, alikuwa chuo mwaka wa pili. Akaanza kusikia sauti zinamsema. Halali, haogi, anaamini wenzake wa hosteli wanamrekodi. Siku moja akakimbilia barabarani akiwakimbia watu wasioonekana, gari likamkosa kidogo. Nikamfuata, nikamrudisha nyumbani kwa wazazi, karibu na mji wa Mkuu.

Maombi tulifanya. Wa kusema karogwa hawakukosekana. Mwisho tukaenda hospitali, daktari akasema ni ugonjwa wa akili, dawa zipo, asiziache, na familia nzima mshirikiane, msimwachie mama peke yake.

Hilo la kushirikiana nililibeba kichwakichwa.

Nikafungua group la WhatsApp. Wazazi, shangazi wa Tarakea, baba mdogo, mabinamu wa Arusha na Dar. Admin mimi. Nikapanga ratiba: fulani apige asubuhi aulize kama kanywa dawa, fulani mchana aulize kama kala, fulani jioni aulize kama alilala vizuri jana. Mama atume picha ya kikopo cha dawa. Binamu mmoja akaandika "leo kacheka mara mbili", tukajaza makofi.

Ungetuona ungesema familia ndiyo hii sasa!

Na mwanzoni alipata nafuu kweli. Lakini akaanza kuzima simu, kutwa kajifungia. Halafu mama, akitandika kitanda, akakuta vidonge chini ya godoro. Alikuwa anaviweka mdomoni mbele ya mama, mama akigeuka anavitema.

Wakuu, niliogopa. Nilikuwa nawaza ile barabara tu. Niliona kabisa tunaenda kumzika.

Desemba ikafika. Mnajua Desemba kwetu, kila mtu anapanda nyumbani. Mbuzi akachinjwa, nikaitisha kikao sebuleni, mlango ukafungwa. Ajenda ni Anjela. Nikatoa pendekezo langu: ahamie kwa shangazi Tarakea, walale chumba kimoja, simu anyang'anywe.

Wengi walikuwa wanatikisa kichwa kukubali.

Mlango ukafunguliwa. Anjela, na sufuria la mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama.

Baba mdogo akakohoa, akaanza kuuliza eti ng'ombe siku hizi anatoa lita ngapi.

Anjela akapakua, akianza na wakubwa, bakuli kwa bakuli. Alipofika kwangu akasema taratibu:

"Kaka, kikao ni cha kwangu, na aliyewapikia ni mimi. Mbona sina kiti?"

Baba yetu si mtu wa maneno. Akainuka, akampa kiti chake, yeye akageuza ndoo akaikalia.

"Haya mama, sema."

Akasema. Kwamba zile dawa zinamtetemesha mikono mpaka anashindwa kushika kikombe, na kati yetu wote hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Ndiyo maana alizitema. Kwamba kila akishika simu ni umekunywa, umekula, umelala.

"Hakuna anayenisalimia tena. Mnaongea na kikopo cha dawa."

Nikaanza kujitetea kwamba tunafanya yote kwa upendo. Shangazi akanikata: "Nyamaza wewe, mwache mtoto amalize!" Mbele ya wadogo zangu wote. Masikio yaliwaka moto.

Basi kazi akagawa mwenyewe. Dawa ni mama peke yake, anauliza mara moja asubuhi, basi. Kliniki ni baba, na safari ya kwanza wakamweleze daktari habari ya kutetemeka. Shangazi awe anamchukua siku za soko wakauze ndizi pamoja Tarakea. Mabinamu wapige wakiwa na jambo la kuongea kama zamani. Na group aingizwe, admin awe yeye.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe usiniulize chochote kuhusu ugonjwa. Ukija Jumapili niletee stori za Kiboriloni."

Yaani mimi niliyepanga kila kitu, napewa kazi ya umbea! Nilishuka Moshi nimenuna, nikaapa siendi.

Nikaenda. Daktari alishambadilishia dawa, mikono ikatulia. Kila Jumapili nikawa naingia naye kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, kukata majani ya ng'ombe, napiga stori. Kuuma ulimi nilijifunza kwa shida. Kuna siku nilikuwa namwona kanyong'onyea, swali liko mdomoni, nalimeza.

Ilipita kama miezi mitano. Jumapili moja nikawa namsimulia mteja aliyenunua viatu viwili vya mguu wa kushoto, kesho yake akaja kunitukana mimi. Alicheka sana. Halafu, bila kuacha kukata majani, akasema:

"Kaka, sauti zimerudi tangu Alhamisi. Sijamwambia mtu."

Nilikuwa na maswali mia. Nikatoa moja tu:

"Unataka tufanyeje?"

"Kesho nipeleke kliniki. Leo malizia stori."

Nikamalizia. Kesho yake tukaenda mapema, daktari akarekebisha dawa. Hakulazwa. Hakukimbilia barabarani.

Baadaye nikamuuliza kwa nini aliniambia mimi na si mama anayemuuliza kila siku. Akasema, "Wewe ulikuwa huniwindi."

Nilichojifunza: kushirikiana si watu kumi na nne kumlinda mtu mmoja. Mgonjwa naye yumo kwenye familia, apewe kiti, aseme nani amsaidie nini. Dawa asiache, hilo halina mjadala, lakini mumsikilize pia zinavyomfanya.

Wenye ndugu wa aina hii, kwenu mmejipangaje? Na nyie mliowahi kuumwa, tuambieni tunakosea wapi. Nipondeni tu, nimezoea.

Huu uzi Anjela ameusoma kabla sijaupandisha. Akafuta sehemu mbili, akasema hizo ni zake. Sikumuuliza kwa nini.