Fyuzi Niliyoibadilisha Kabla ya Kumsingizia Fundi

Kosa ni langu. Pole zenu kaeni nazo, na nyie wa "umejifunza nini?" nendeni mkalale.

Nakaa Chang'ombe ya huku makao makuu, kazi yangu iko Mtumba. Taa za gari langu zilikuwa hafifu, nikanunua balbu kali za kumulika mpaka dhamiri ya mtu. Nikazipeleka kwa Baba Rukia, fundi umeme wa magari mtaani kwetu, mzee wa Kondoa.

Akazigeuzageuza. "Hizi zinakula umeme, mwanangu. Zinataka waya mnene na rilei ya kubeba mzigo. Bila hivyo utaunguza waya."

"Mzee, toa rilei, toa waya. Nifungie balbu tu."

"Unapatana bei na mimi au na umeme?"

Nikacheka, nikakaza. Akafunga shingo upande. "Fyuzi ikikata, usiweke kubwa; ndiyo inayolinda waya. Niletee gari."

Ikakata siku ya tatu. Ya nne ikakata tena. Nikachomoa ile ya ampea kumi na tano, nikachomeka ya thelathini. Kimya! Taa zinawaka, nami najiona injinia.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja ya mvua, taa nimewasha, niko njiani kwenda kazini, moshi ukafuka chini ya usukani. Waya zimeyeyuka, zimeshikana kama tambi za jana.

Sasa sikieni uchafu wangu. Kabla ya kuita gari la kuvuta, niliichomoa ile thelathini nikaitupa mtaroni, nikachomeka ya kumi na tano, mpya. Ndipo nikapiga picha. Nikazirusha kwenye grupu letu la wafanyakazi wenye magari, watu mia mbili kumi na wanne, nimewahesabu mara mbili: "Huyu fundi ni muuaji."

Jioni gari likavutwa mpaka kibandani kwake, nikamvamia na wenzangu wanne wa grupu. Hata shikamoo sikumpa! Akafungua kisanduku cha fyuzi, akanitazama. "Waya zimeyeyuka, fyuzi nzima, tena mpya. Mwanangu, ndiyo iliyokuwemo hii?"

"Usitupige chenga, mzee!" mwenzangu mmoja akadakia. "Tengeneza gari la watu!"

Mdomo wangu huu, unaobishana mpaka na muuza nyanya, nikaugeuzia pembeni, nikajifanya nakagua tairi!

Akafunga waya mpya na rilei, bure. Taa ni safi mpaka leo, na kila nikiziwasha nasikia aibu. Wateja wake wengi walikuwa wa grupu lile lile. Wakamkimbia wote. Miezi miwili haikupita, akafunga kibanda akarudi Kondoa kulima.

Mwezi uliopita nikamfuata na kilo tano za sukari. Nikapiga magoti uani kwake, nikatapika yote.

"Nimekusikia," akasema. "Sasa kayaseme kule ulikoniulia jina."

"Mzee, mle yumo bosi wangu..."

"Mimi nilipotukanwa, uliuliza nani anasikia?" Akanirudishia sukari yangu.

Ujumbe ule nimeuandika mara sita, nimeufuta mara sita. Ndiyo maana mnasoma huku, bila jina. Woga mtupu!

Wewe uliyechomeka fyuzi kubwa ili taa zisikusumbue, kaichomoe leo, kabla gari halijawaka na watoto ndani. Na kama umemsingizia mtu, msafishe mbele ya wale wale, angali ana kibanda.

Mimi msithubutu kunisamehe. Mwenye haki hiyo yuko Kondoa, na bado anasubiri.