Tochi Sita Zisizowaka

Nilikwenda Kigali kwa sababu shangazi yangu Mariamu aliandika barua. Ameolewa huko, mtaa wa Nyamirambo, na nyuma ya duka la mumewe ana chumba kisicho na dirisha ambamo huzalisha wanawake wa mtaa. Umeme ulikuwa umekatika wiki ya pili. Alikuwa akifanya kazi kwa koroboi, moshi machoni, na Asha, mke wa fundi cherehani jirani, alikuwa na mimba ya mapacha iliyofikia mwisho. "Niletee tochi za nguvu," aliandika, "kabla sijamwua mtu kwa kutoona."

Baba mdogo alikuwa amepata tochi sita kwenye ghala moja la walinzi. Zilikuwa za chuma cheusi, kila moja ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, na mdomo wake umechongwa meno ili mlinzi aweze kuvunjia kioo. Mama alinitazama. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi minane iliyopita na kazi yangu ilikuwa kusubiri majibu ya maombi ya kazi.

"Idrisa," alisema, "hiyo digrii nayo itembee."

Ngara, usiku wa kuamkia safari. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, Rwanda ilikuwa vitani kaskazini, na barabara zote zilikuwa na vizuizi vya askari. Nilichukua daftari nikaandika maswali arobaini ninayoweza kuulizwa, pamoja na majibu yake. Kisha nikawaza: tochi yenye betri inafanana na bomu. Isiyo na betri ni bomba tu. Na betri bila tochi ni betri tu. Kwa hiyo betri ishirini na nne nilimpa Mzee Salumu, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akienda Kigali siku hiyo hiyo kwa gari la kwanza. Mimi na tochi tungefuata kwa gari la pili. Nililala nikijiona mwerevu.

Rusumo, mpakani, saa tatu asubuhi. Ng'ambo ya daraja ofisa mmoja wa Rwanda alifungua mfuko wangu akatoa tochi moja, akaipima uzito kwa mkono kama anayenunua muhogo.

"Hii iko nini?"

"Tochi, mkuu."

"Kama iko toroshi, washa."

Katika maswali yangu arobaini, hilo halikuwamo.

"Haiwaki, mkuu."

"Na ile ingine?"

"Zote haziwaki. Zitawaka Kigali."

Alinitazama kwa huruma. "Kwa nini Kigali zinawaka na hapa zinakataa?"

Nilieleza kuhusu betri, Mzee Salumu, gari la kwanza, na tofauti kati ya bomu na bomba. Niliposema neno bomu, wenzake wawili walisogea. Nusu saa baadaye, baada ya kutazama ndani ya kila tochi kwa jicho moja, ofisa aliandika kwa Kifaransa kwenye karatasi, akanitafsiria: vitu sita vya chuma, virefu, haviwaki. Akagonga mhuri.

"Onyesha hii kila kizuizi. Bila hii wewe iko na shida."

Kayonza, saa sita mchana. Gari letu lilisimama njia panda ili watu wapate chakula. Mzee Salumu alikuwa hapo akinisubiri na mfuko wa betri kifuani. Gari lake lilikuwa limeondoka bila yeye.

"Chukua mzigo wako, kijana! Vizuizi vitatu, mara tatu nimeulizwa redio yangu iko wapi. Miaka sitini na miwili sijaona aibu ya kukosa redio, leo nimeiona."

"Samahani, mzee."

"Samahani yako itawaka?"

Nilimwomba radhi tena, nikazijaza tochi zote betri. Ziliwaka sawasawa. Sasa, niliwaza, atakayesema washa, nitawasha.

Remera, saa tisa. Hapa ndipo pa kuingilia mjini, karibu na uwanja wa mpira. Tuliteremshwa sote kumi na wawili, Mzee Salumu akiwa mmoja wetu. Wenyeji walitoa vitambulisho vyao, vilivyoandikwa kabila la kila mtu, kabla ya kuombwa, wakavishika mbele yao. Vilisomwa polepole, na kwa muda huo hakuna aliyetania. Kisha ikafika zamu yangu. Koplo alisoma karatasi yangu, akachukua tochi, akabonyeza. Mwanga ulimpiga machoni.

"Inawaka!" alisema kwa hasira.

"Ndiyo, mkuu," nilisema kwa fahari.

"Karatasi inasema haiwaki."

"Ilikuwa haiwaki. Sasa inawaka."

"Basi hii si ile. Zile zisizowaka umezipeleka wapi?"

Nilimwambia ni zile zile. Alimwita sajini. Sajini alisoma karatasi mara mbili, akawasha zote sita moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya meza mwanga ukielekea uwanjani. Akasema neno ambalo nalikumbuka mpaka leo: vitu visivyo na karatasi vinabaki hapa.

Nilimfikiria Asha. Nilimwona shangazi akiinama juu yake na koroboi. Nikafungua daftari, nikaanza kusoma jibu la swali la kumi na saba. Sajini alilichukua daftari, akalifunga, akanirudishia.

Ndipo abiria mmoja aliponivuta shati. Alikuwa karani wa wizara moja kule Kacyiru, mwenye tai iliyofungwa sawa licha ya vumbi.

"Umesoma wapi wewe?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Chuo kikuu."

"Inaonekana. Karatasi yenye mhuri haibishwi, ndugu. Inafuatwa. Inasema haziwaki? Zizime."

"Nitazizima, lakini..."

"Toa betri!"

Nilizitoa. Karani akamwita sajini, akamwonyesha mstari kwenye karatasi kwa kidole. Sajini alibonyeza tochi ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Alipofika ya sita, uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyepata alichopoteza.

"Sasa iko sawa," alisema. Kisha akazitazama betri. "Na hizi? Hazimo katika karatasi."

Karani hakusita. "Hizo ni za abiria, shefu. Kila mtu na zake."

Akaanza kuzigawa. Watu kumi na wawili, betri mbilimbili. Mama mmoja alizitia kwenye fundo la kitenge. Mzee Salumu alizikataa kabisa, kisha akazipokea akinung'unika kuhusu redio. Sajini alipita mbele yetu akikagua. Hakuna kosa kwa mtu kuwa na betri mbili. Tukaruhusiwa.

Nyamirambo, saa kumi na moja. Bahati mbaya abiria hawashuki mahali pamoja. Karani alishukia njia ya Kacyiru akiendelea kuhubiri kuhusu mihuri, betri zake mfukoni. Wengine walishuka mjini na zao; ni Mzee Salumu na mama wa kitenge tu walionirudishia. Nilipofika kwa shangazi nilikuwa na tochi sita na betri sita.

"Shikamoo, shangazi. Nisamehe. Betri zimepotea."

"Marahaba, baba. Betri gani?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa amesimama mbele ya duka la mumewe. Kisha akanigeuza kwa mabega. Rafu nzima ya juu ilikuwa imejaa betri.

"Tunauza," alisema. "Mtaa mzima unauza. Ulidhani Kigali tunawasha redio kwa maji?"

Kesho yake, adhuhuri, Asha aliletwa. Mwanamume hakai chumba kile, kwa hiyo nilikaa dukani na mumewe, fundi Hamisi. Alikuwa amebeba cherehani yake mpaka hapo ili mikono iwe na kazi. Alishona mshono mrefu kabisa kwenye suruali ya mtu, na ni baada ya saa nzima ndipo nilipogundua kwamba sindano haina uzi. Sikumwambia. Kwenye pazia la mlango wa chumba mwanga mweupe ulisogea, ukatulia, ukasogea. Mtoto mmoja alilia. Kisha kukawa na kimya, na Hamisi akaacha kukanyaga.

"Lete mwanga karibu," tulimsikia shangazi akimwambia msaidizi wake. "Karibu zaidi. Hapo. Usitikisike."

Mtoto wa pili alilia.

Shangazi alitoka akijifuta mikono. "Wasichana wawili, mama yao mzima. Wa pili alikuwa amezungukwa na kitovu shingoni, mara mbili. Kwa koroboi nisingekiona." Hamisi aliinamisha kichwa juu ya cherehani, akalia bila sauti.

Niliporudi, siku ya nne, nilikuwa na hofu mpya. Karatasi ilisema vitu sita vimeingia. Nilikuwa natoka mikono mitupu. Daftari langu lilifika maswali sitini na moja. Remera, askari aliuliza natoka wapi. Nikamwambia Nyamirambo. "Pita," alisema. Rusumo, ofisa yule yule wa kwanza aligonga pasi yangu huku akizungumza na mwenzake habari za mvua. Hakunitambua. Majibu sitini na moja yalikuwa yamenijaa kinywani, nami nilifungua mdomo.

Nikaufunga. Nimejifunza hilo katika safari hii, na nawaachia ninyi mtakaosafiri: jibu ambalo hukuulizwa, rudi nalo nyumbani. Nilivuka daraja nikiwa nayo yote.