Tanga la Turubai na Fundo la Ng'ombe

Kabla sijaeleza nilivyochagua tanga, ni vizuri ijulikane kwamba sijui kuogelea. Nimezaliwa Nambis, juu kwenye baridi, na mpaka nakuwa mtu mzima maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona yalikuwa ya birika la kunyweshea ng'ombe. Nikaja Basotu kufundisha jiografia, nikaoa hapo hapo. Kwa miaka kumi na moja nimechora pepo ubaoni kwa chaki, mishale ikienda huku na huku, na hakuna hata siku moja upepo wenyewe ulipokuja darasani kunisahihisha.

Mambo yalianza na bega la baba mkwe. Amevua samaki katika ziwa letu tangu ujana wake, peke yake, kwa mtumbwi wa mbao alioutengeneza kwa mikono yake. Mwaka juzi bega la kulia likaanza kumgomea. Kupiga kasia mpaka kwenye nyavu kukawa kazi ya kusaga meno. Mtu mmoja wa ng'ambo ya ziwa akataka kuununua mtumbwi, na mzee hakukataa, alimwambia aje baada ya mavuno ya ngano. Mke wangu aliposikia hakugusa chakula siku ile. Tangu mama yake afariki, nyavu ndizo zilizokuwa zikimwamsha baba yake asubuhi. Aliniambia wazi kwamba mtumbwi ukiuzwa, mzee atakaa kwenye kigoda chake pale nje na hatainuka tena. Nilimwamini, na niliogopa.

Mtu mwenye akili angemtafutia mzee dawa ya kuchua. Mimi nilitafuta video kwenye simu. Huko nikamkuta mzungu mmoja amekaa kwenye mashua nyeupe, miguu ameinyoosha, tanga likimfanyia kazi yote. Nilimtazama wiki nzima. Mwisho wa wiki daftari langu lilikuwa limejaa michoro na maneno niliyoyatoa kwenye kamusi: mlingoti, foromali, kapi, usukani. Nikaenda nalo kwa baba mkwe, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamsomea yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama foromali ni ule mti wa juu. Nikasema ndiyo. Akasema basi tuuite mti wa juu.

Kisha akauliza swali moja tu. Alitaka kujua, upepo ukizidi, hilo tanga linaachiwaje. Nilimjibu kwamba hilo liko ukurasa wa mbele. Halikuwepo ukurasa wowote. Hata hivyo tukapatana: tanga likimpeleka kwenye nyavu na kumrudisha bila yeye kupiga kasia, mtumbwi hauuzwi. Likishindwa, nisimletee daftari tena.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Katesh, kwenye duka la muuza maturubai ambaye baba yake alifungua duka lile kabla mimi sijazaliwa. Akaniuliza roli ni tani ngapi. Nikasema si roli, ni mtumbwi. Alinitazama kidogo, halafu kwa adabu ya mfanyabiashara akanitolea aina tatu: la bluu jepesi, la rangi ya fedha la kati, na la kijani zito, lile linalofunika ngano isilowe njiani. Sisi watu wa juu kitu tunakinunua kwa kukipima mkononi. Blanketi likiwa jepesi tunajua tumeibiwa, na jembe ni hivyo hivyo. Nikalinyanyua la kijani, likanivuta chini mpaka kiuno kikalia, nikasema hili ndilo.

Kwenye kamba ikawa vile vile. Akanionyesha ya manila, laini, isiyonywa maji. Nikamwambia ya manila inateleza, nipe ya katani. Kwetu ng'ombe anafungwa kwa katani. Yule bwana alisema taratibu kwamba katani ikilowa huvimba. Nikamwambia bora ivimbe, ndiyo itashika vizuri. Hapo aliacha kunishauri, akaenda kutafuta mkasi.

Mlingoti niliukata shambani kwetu Nambis, mkaratusi mbichi, mnene kama paja langu, nikaushusha Basotu juu ya roli la mahindi. Baba mkwe aliupiga teke mara moja, akasema huu ungefaa kwa nguzo ya umeme. Nilicheka, nikidhani ametania.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumamosi iliyofuata asubuhi, na ufukweni kulikuwa na wanawake wanaofua na watu waliokuwa wakimwagilia mboga kwa pampu. Walizima pampu. Kwanza kulikuwa na aibu ya kukaa. Kwetu mkwe hakai goti kwa goti na baba mkwe, na mtumbwi ule haukutengenezwa kwa kufikiria jambo hilo. Yeye alikaa nyuma na kasia la kuongozea, mimi nikakaa mbele nimempa mgongo, kisha nikakumbuka kwamba mgongo nao ni utovu wa adabu, nikageuka upande. Nilisafiri hivyo, kiubavuubavu, kama gunia lililoegeshwa.

Ile kamba ya kuongoza tanga niliifunga kwenye ubao wa mtumbwi kwa fundo alilonifundisha marehemu baba yangu, lile la kumfungia dume kwenye kigingi. Uzuri wake ni kwamba dume akivuta, linakaza, na akivuta zaidi, linakaza zaidi. Baba aliniambia nikijua fundo lile hakuna mali yangu itakayopotea. Nililifunga mara mbili.

Na tulikwenda, lazima niseme. Turubai lilijaa, mtumbwi ukasogea wenyewe, maji yakaanza kusema chini ya mbao, na nilimwona baba mkwe ameweka mkono wa kulia juu ya paja, umetulia, hauna kazi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nikaanza kutunga moyoni jinsi nitakavyolieleza jambo hili kwenye chumba cha walimu.

Tulikuwa tunapita karibu na matete upepo wa kutoka upande wa Mlima Hanang uliposhuka ghafla. Mtumbwi ukalala ubavu.

"Achia," alisema baba mkwe, bila kupaza sauti.

Nikashika fundo. Katani ilikuwa imeshalowa.

"Mwalimu, achia."

Nikamwambia nafungua. Nilikuwa nafungua kwa vidole, kisha kwa kucha, kisha kwa meno, na upepo ulivyozidi kuvuta ndivyo baba yangu, huko aliko, alivyozidi kuthibitishwa. Mlingoti ukaenda majini, sisi tukaufuata.

Yaliyofuata nayajua kwa sababu nimesimuliwa na kila mtu wa Basotu. Niliukumbatia ule mkaratusi kwa mikono na miguu, nikamwita Mungu, nikawaaga watoto, nikasema na habari za viboko wa ziwani. Nilipofumbua macho, baba mkwe alikuwa amesimama kando yangu, kofia bado iko kichwani.

"Simama," akasema.

Nikasimama. Maji yalinifika mbavuni.

Turubai lililolowa halikuwezekana kuvutwa na watu. Ikabidi iletwe jozi ya ng'ombe wa kulimia, na mimi nikapewa heshima ya kufunga kamba. Ng'ombe walivuta, turubai likatoka, na fundo lilishika vizuri kabisa.

Baba mkwe hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikaa kwenye kigoda, akafungua redio, akamwambia mke wangu kwamba yule mtu wa ng'ambo apigiwe simu, asisubiri mavuno. Mke wangu alisema sawa baba, akaingia ndani, na hakupiga. Siku nne alikuwa akishona. Alipasua viroba vyeupe vya sukari, akaviunga kwa cherehani, tanga dogo, nusu ya langu, jepesi kama shuka, na mzee alipolishika akakubali tujaribu mara moja tena. Mlingoti tuliutoa kwenye paa la banda la zamani, ufito mkavu ambao mtu anaubeba kwa mkono mmoja. Nikarudi Katesh kwa kamba ya manila. Muuza duka alinikatia bila kuuliza lolote, na nilimshukuru kwa hilo.

Nilileta daftari nimechora mafundo matatu mapya. Baba mkwe hakulifungua.

"Ng'ombe unamfunga asiondoke," alisema. "Huu upepo unataka uondoke."

Kamba ile haikufungwa popote. Aliizungusha mara moja kwenye kijiti na kuishika kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Upepo ukizidi, anafumbua kiganja. Basi. Hilo ndilo lililokuwa jibu la swali alilouliza siku ya kwanza, na ninaamini alikuwa nalo tangu siku hiyo, ila mimi nilikuwa nikisoma.

Asubuhi ya safari ile ya pili niliingiza mguu mtumbwini. Akaniambia nibaki, nina uzito. Akaniomba tu nimfungulie mtumbwi kwenye kisiki. Nilipofika kwenye kisiki nikaikuta kamba yangu ya katani, na juu yake fundo la dume, nililokuwa nimelifunga mwenyewe jioni iliyopita kwa mazoea, nalo limenyeshewa. Wanawake waliacha kufua. Nilihangaika mpaka jasho likatoka, mzee amekaa, tanga linapigapiga. Mwishowe alitoa kisu mfukoni akaninyooshea. Nikakata.

Akaenda. Hakugeuka nyuma. Tuliona kile cheupe kinasogea, kinafika kwenye nyavu, kinakaa pale muda mrefu, halafu kinaanza kukua tena. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Mzee alirudi na perege sita. Alininyooshea kamba ili nifunge mtumbwi, kisha akanitazama, akaichukua tena. Alifunga yeye, kwa mkono wa kushoto, polepole, fundo moja dogo lenye kitanzi pembeni.

"Angalia vizuri," akasema. "Kesho utanifungulia wewe."

Nilikuwa bado naangalia fundo, naogopa kulisahau. Mke wangu ndiye aliyeisikia ile kesho. Alikaa chini pale pale kwenye mawe, kati ya nguo za watu, akalia.