Godasi za Yule Aliyekwenda Kutafuta Chumvi

Siku ile, kwenye kiwanja cha udongo mwekundu upande wa Kasapa, tulikuwepo hawa: mimi, mkubwa wa nyumba, wadogo zangu wawili wa kike, wamekalia mafurushi yetu, nkambo, yaani bibi yetu mzaa mama, juu ya kiti chake kidogo, baba mdogo, aliyekataa kukaa, antrenere, yaani kocha, wa ekipe kubwa ya mpira, filimbi mdomoni, wachezaji wake, mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye aliyekuwa anajaribiwa, na pasa wake, yaani pacha wake. Huyu wa mwisho tulimzika kabla hajaota meno ya pili. Namtaja kwa sababu tulipofika nkambo alimtaja, akasogeza fimbo yake ili naye apate pa kukaa.

Kwetu pasa hafi. Mmoja wa mapasa akizikwa, hakuna kulia. Tunasema amekwenda kutafuta chumvi, na aliyebaki anaishi kwa ajili ya wawili. Akipewa shati, yanatafutwa mawili. Bukari, ugali wetu, ikiiva, sahani ndogo inawekwa karibu na kubwa. Baba alipofariki, kisha mama, kazi hiyo ilinijia pamoja na nyingine zote. Niliacha shule, nikauza makala, yaani mkaa, kando ya barabara, na hata siku ambazo hatukushiba, sahani ndogo haikukosa donge lake.

Mdogo wangu alicheza kwa mguu wa kushoto, na watoto wa mtaani hawakupenda kucheza naye. "Weye hapana! Muko babili!" walimpigia kelele, wakicheka. Alikuwa na namna yake. Aliusukuma mpira mahali pasipo na mtu, kana kwamba mwenzake yuko pale, kisha akawahi kufika yeye mwenyewe, na mabeki wakabaki wanapatazama pale patupu. Antrenere alimwona akifanya hivyo siku moja, akasimamisha baiskeli yake, akamwita aje ajaribiwe.

Ulikuwa wakati mbaya. Kampuni ya shaba ilikuwa imeacha kulipa, maduka yamevunjwa, na sasa watu wa asili ya Kasai walikuwa wanaambiwa na vijana wa barabarani warudi kwao. Sisi hatukupajua huko. Baba ndiye aliyezaliwa Kasai. Mama alikuwa wa hapa, sisi tulizaliwa hapa, makaburi yetu yako hapa. Lakini jina letu lilikuwa la baba. Katika mtaa wetu familia iliondoka asubuhi, na kabla jua halijawa kali milango na madirisha ya nyumba yao yalikuwa yameshang'olewa. Upepo ulipopita ndani ya nyumba zile ulitoa sauti ya mtu anayevuta pumzi ili aseme jambo, kisha hasemi. Nilianza kutembea katikati ya barabara. Stesheni, watu walikuwa wanaishi kando ya reli na magodoro yao na masufuria yao, wakingoja treni, na habari zilikuja kwamba wazee na watoto wachanga wengine hawafiki.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa ametupatia nafasi ndani ya behewa. Mimi nilitaka tubaki. Rais wa ekipe alikuwa na lupango, yaani ua wa nyumba, lenye ukuta mrefu, na wachezaji walioandikishwa waliishi mle na jamaa zao. Hakuna kijana wa barabarani aliyethubutu kugonga geti lile. Basi tulikubaliana: mdogo wangu akipewa lisansi, yaani akiandikishwa, tunahamia mle. Akikosa, tunatoka kiwanjani moja kwa moja hadi kwenye treni. Ndiyo maana mafurushi yalikuwepo.

Antrenere alikuwa amemtumia godasi, ndivyo tunavyoita viatu vya mpira. Zilikuwa nyeusi, mpya. Nkambo alizigeuzageuza.

"Na zingine?"

"Ni hizi tu, nkambo."

"Batoto babili, godasi za moja?"

Nilitafuta jozi ya pili mji mzima. Sokoni meza zilikuwa tupu, na fundi viatu niliyemjua alikuwa amekwenda stesheni na familia yake. Mwishowe nikaona njia. Usiku nikaziweka zile zile karibu na sahani ndogo, ili yule mwingine azivae kwanza, kisha mdogo wangu azivae baada yake. Nilidhani nimewagawia vizuri.

Asubuhi soli zilikuwa na udongo mwekundu mbichi, na majani yaliyopondwa. Niliwauliza wadogo zangu wa kike. Hakuna aliyezigusa. Nikaingiza mkono ndani ya kiatu cha kushoto, nikakuta uvuguvugu, kama wa kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi.

Nkambo alishika kichwa. "Mwana, umefanya nini? Ulimupatia ye kwanza. Sasa ni zake, njo zake. Mudogo yako atavaa za kuazima."

Hakukuwa na godasi nyingine, na jaribio lilikuwa siku hiyo hiyo.

Nimemtazama mdogo wangu akicheza tangu alipokuwa anapiga matambara yaliyofungwa kamba. Sikuwahi kumwona vile. Mpira ulimfikia mguuni ukateleza. Aliusukuma mahali patupu kama kawaida yake, lakini hakukimbia. Alisimama, mikono imelegea, akipatazama pale kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kutoa pasi na sasa kazi ni ya mwingine. Mpira ukatoka nje. Akafanya hivyo tena, na tena.

"Eh, petit!" antrenere alipiga kelele. "Ule mpira unapatia nani? Unapatia upepo?"

"Anangojea upepo imurudishie!" akasema mchezaji mmoja, na wote wakacheka.

Baba mdogo hakucheka. Alitazama jua, akainama, akaanza kukaza kamba za furushi la kwanza.

Wakati wa mapumziko mdogo wangu alikuja kwangu. Jasho lilikuwa limekauka usoni, ingawa kulikuwa na joto.

"Yaya," aliniita, kama mdogo amwitavyo ndugu yake mkubwa, "haiko muguu yangu."

"Inauma?"

"Haiumi. Kila nikitaka kukimbia, naona ye iko mbele. Nikifika, tutagongana."

"Unamuona?"

Alifikiri. "Naona mugongo tu."

Wadogo zangu walisogeleana juu ya mafurushi. Nkambo akaniambia, bila kuniangalia, "Weye njo mukubwa. Batoto banasikia mukubwa. Enda umuombe."

Kona ya mbali ya kiwanja ilikuwa na majani marefu na mtaro. Nilikwenda peke yangu. Sikujua pa kutazama, kwa hiyo nilitazama chini, nikasema kwa sauti, kama ninavyosema na wadogo zangu wote: "Mudogo yangu, nilikosea. Hizi ni zako, najua. Muazime mwenzako leo, tusipelekwe mbali na wewe. Nitakuletea zako mpya, ambazo muguu ya mutu haijaingia. Ni mimi mukubwa nimesema."

Hakuna kilichotikisika. Hata majani yalisimama. Niligeuka, na mgongo wangu ulikuwa wa baridi mpaka nilipofika kwa nkambo.

Kiwanja kile kina mteremko. Mpira ukipigwa upande wa mtaro huenda wenyewe mpaka ndani. Kila mchezaji wa hapa analijua hilo. Filimbi ilipolia tena, mdogo wangu alicheza kidogo kwa woga, kisha akausukuma mpira upande ule ule wa mtaro, mahali patupu. Beki hakujisumbua. Mpira ulibingirika, ukashika mteremko, ukasimama. Ulisimama ghafla, kama umekanyagwa. Kisha mdogo wangu alikuwa pale, na mguu wa kushoto ulikuwa wake tena, akapiga, na golikipa hakuinua hata mikono mpira ulipoingia.

Hakuna aliyeshangilia. Beki alikuwa ameinama akishika kifundo cha mguu.

"Ule mwingine njo alinikanyaga," alimwambia mwenzake.

"Ule gani?"

Yule beki alitazama huku na huku, akarudi mahali pake.

Baada ya hapo alicheza kama alivyozaliwa kucheza. Antrenere alimwita pembeni, akamuuliza jina la baba yetu. Alipolisikia aliyatazama mafurushi yetu, kisha akasema, "Ku ekipe yangu, jina ni godasi, haiko kabila. Kesho utachukua lisansi." Baba mdogo alilifungua furushi lake kutoka kwenye yetu. Alitubariki mmoja mmoja, akanishika mimi mwisho.

"Nilikusikia kule mu majani," alisema. "Ulipoahidi, uliahidi. Usichezee pasa."

Alikwenda stesheni peke yake. Alifika, tulipata habari zake baadaye.

Tuliishi ndani ya ukuta ule mpaka mji ulipotulia. Mdogo wangu aliingia ekipe ya kwanza akiwa mdogo kuliko wote, na uwanja mzima ulijifunza kunyamaza alipopiga mpira mahali patupu, ukingoja. Wachezaji wengine walipenda kucheza naye, lakini hakuna aliyependa kulala naye chumba kimoja. Nkambo alituacha, akiniuliza mpaka mwisho kama nimekwisha kulipa.

Haikuwa rahisi. Godasi zilizokuja zilikuwa za mitumba, zilizopitia mpakani Kipushi, na mimi nilikuwa nimesema mguu wa mtu usiwe umeingia. Mambo yalipokuwa mazuri kidogo, nilizipata mpya kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu, namba sawa na ya mdogo wangu, kwa sababu pasa hukua pamoja na mwenzake. Niliziweka tayari kuzipeleka makaburini. Ndipo mdogo wangu alipokuja, akaona boksi.

"Yaya, ni za nani?"

"Unajua ni za nani."

Alikaa chini. Alikuwa mtu mzima sasa, na watu walisimama barabarani alipopita.

"Usimupelekee."

"Niliahidi."

"Najua. Lakini ukimulipa, atavaa zake, ataenda zake. Mimi nitabaki na nani kule mu kiwanja?" Alisukuma boksi chini ya kitanda changu kwa mguu. "Ngojea nimalize mpira. Tafazali, yaya."

Nilimlea kwa makala. Sikuweza kumkatalia, wala sikuweza kumwomba yule mwingine muda zaidi. Kwa yule nilikwisha kusema neno langu. Kila msimu ukiisha namuuliza. Goti lake la kulia limefungwa bendeji, na vijana wanampita kwa mbio, lakini bado yumo ekipeni, na bado anaupiga mpira mahali patupu. Juzi nilimuuliza tena. Amesema msimu mmoja zaidi. Godasi bado ziko chini ya kitanda changu.