Mwandiko wa Baba

Nilipokuwa na miaka minane niliamini kwamba baba yangu ndiye aliyeandika, kwa mkono wake, mabango yote ya Texas. Usicheke. Uvumi huo ulianzia kwa watoto wa jengo letu kule Haltom City, nami niliupokea kama katekisimu.

Nimeukumbuka juzi tu, nilipopewa cheti changu cha shule ya jioni. Jina langu lilikuwa limechapwa kwa mwandiko ule ule wa barua za baba: herufi zimelala kidogo kama zimetoka kazini, mikia imejikunja, kila moja imeshika mkono wa mwenzake. Nikanusa karatasi, mbele ya watu.

Maana barua hizo zilinukia maboksi. Yeye alikuwa Stafford, upande wa Houston, akipanga mizigo ghalani. Mimi nilibaki na mama na harufu ya maharage yaliyochemka tangu asubuhi. Simu ya Jumapili ilikuwa ya mama. Barua ilikuwa yangu. "Kula ushibe. Msikilize mama. Viatu vinakuja." Niliisoma kila moja mara elfu tatu, sipunguzi hata moja, kisha nikaketi kuiga herufi zake mpaka mwalimu akauliza nani amenifundisha mwandiko mzuri hivyo.

Halafu tukaanza kuuona mwandiko wa baba kila mahali: kwenye boksi la keki ya komunyo, kwenye kioo cha saluni, kwenye kadi za harusi. "Ni baba yake!" watoto wakapiga kelele. Jirani yetu, nesi Mkenya, alicheka mpaka akashika mlango. "Kwani huyo babako ako na mikono mingapi?" Nikamjibu kwa heshima zote kwamba ana miwili, ila ni mwepesi.

Kitu kimoja tu kiliniudhi. Chini ya kila barua palikuwa na kichoro cha penseli, kimepinda kama ndoano. Nilidhani mtoto wa mtu ameichezea barua yangu, nikakifuta. Leo jengo lile limebomolewa, jirani amehamia Cedar Hill, na barua zimebaki tatu. Pale chini karatasi imekuwa nyembamba kwa ufutio.

Krismasi ya mwaka ule wa miaka minane, baba akaja. Nikawakusanya watoto wote sebuleni, nikamwekea daftari na penseli.

"Baba, andika jina langu waone."

Mama akaacha kukoroga sufuria. Baba aliishika penseli kama mtu aliyeshika kifaranga, akainama muda mrefu, jasho likamtoka. Akachora ndoano moja, iliyopinda.

Baba akanisogezea daftari.

"Mwandiko ule ni wa kompyuta, mwanangu. Karani wa ghalani alikuwa anachapa, mimi nasema. Kuandika sijui. Changu kilikuwa hicho cha chini."